Kusamehe kwa Mfuko wa Mwingine

Tarehe 1 Mei 2021, katika uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwatangazia wafanyakazi kwamba ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikirundikwa juu ya mikopo ya elimu ya juu inafutwa. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na ilistahili. Julai ya mwaka uleule, serikali ileile ikaanza kutoza tozo ya miamala ya simu: ulikuwa ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa. Sisemi tozo hizi za pili ziliwekwa ili kuziba pengo la ile ya kwanza. Serikali ilisema ni za barabara, madarasa na vituo vya afya, na kelele zilipozidi ikazipunguza kwa asilimia 30 kabla ya mwaka kwisha. Lakini mambo haya mawili yalipita mbele ya macho yetu ndani ya msimu mmoja wa bajeti, na sikumbuki kumsikia mtu akiyaweka katika sentensi moja. La kwanza tuliliita huruma. La pili tulililalamikia kama kodi.

Tunapouliza kama mlipakodi abebe mzigo wa mikopo ya wanafunzi inayofutwa, huwa tunauliza kana kwamba mlipakodi ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Anayetetea msamaha humfikiria kama tajiri asiyepungukiwa kitu. Anayeupinga humfikiria kama fukara anayeporwa. Kabla ya kumjadili, ni vizuri tukamtazama usoni, na tukimtazama tutakuta wako zaidi ya mmoja.

Chukua mwalimu wa sekondari mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kabla hajaushika, mfuko wa pensheni wa PSSSF umechukua 40,000, bima ya afya 24,000, chama cha walimu 16,000, TRA 68,000, na Bodi ya Mikopo 120,000. Anabaki na 532,000, na hapo hajagusa kodi ya nyumba wala nauli. Soma tena mistari miwili ya mwisho: Bodi inamkata karibu mara mbili ya anavyokatwa na TRA. Mwalimu huyu ni mdaiwa, na ni mlipakodi asiyekwepa hata mwezi mmoja, kwa sababu hana pa kukwepea. Fedha hukatwa kabla hazijamfikia. Ukimwambia kwamba deni lake likifutwa walipakodi wataumia, ana haki ya kukuuliza ni walipakodi wapi hao ambao yeye hayumo.

Sasa mtazame mama ntilie anayeuza wali maharage nje ya geti la shule ileile. Hana hati ya mshahara, na wataalamu wakizungumzia kupanua wigo wa kodi humhesabu kuwa yuko nje ya wigo. Ajabu. Akinunua sabuni ya shilingi 2,360, ndani ya bei hiyo mna 360 za VAT. Akipanda daladala, nauli yake imebeba tozo ya mafuta. Akiweka muda wa maongezi, amelipa tena. Hakuna anayempa risiti ya heshima yenye neno “mlipakodi”, lakini Hazina inamjua vizuri kuliko inavyomjua mwenye duka la jumla. Sehemu ya fedha zake ndiyo inayokwenda Bodi, na Bodi inaigeuza kuwa ada na bumu, yaani posho ya kujikimu ya mwanafunzi. Mwanafunzi wa chuo anayepata mkopo wa chakula na malazi hupewa shilingi 10,000 kwa siku. Kuna siku faida ya mama huyu haifiki hapo. Binti yake aliishia kidato cha nne.

Hawa wawili ndio walipakodi wetu, na swali letu halina maana moja kwao. Mwalimu akisamehewa deni lake kwa fedha zilizotoka kwenye kodi ya mapato ya wahitimu wenzake waliofanikiwa zaidi, hilo ni jambo moja. Akisamehewa kwa fedha zilizotoka kwenye sabuni, hilo ni jambo jingine kabisa, hata kama kwenye vitabu vya Hazina fedha zote zina rangi moja. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu nadhani mabishano mengi kuhusu msamaha wa mikopo hupotea hapahapa: watu hubishana kama kusamehe ni kuzuri au kubaya, na hawaulizi aliyesamehe ni nani.

Kusamehe ni tendo la mwenye mali. Wanaosoma Injili ya Luka wanakijua kisa cha wakili dhalimu katika sura ya 16. Wakili yule, akijua yu karibu kufukuzwa kazi, aliwaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Aliyedaiwa vipimo mia vya mafuta akaambiwa aandike hamsini. Aliyedaiwa mia za ngano akaambiwa aandike themanini. Alikuwa akijitengenezea marafiki wa kumpokea atakapokosa ofisi. Wafasiri wamesumbuka kwa karne nyingi na mwisho wa kisa hicho, kwa sababu bwana mwenyewe alimsifu wakili kwa werevu wake. Alimsifu kwa werevu. Hakumsifu kwa ukarimu, maana hakuna ukarimu pale ambapo mkono unaotoa si wa mwenye mali. Mwanasiasa anayefuta madeni ya umma jukwaani yuko katika nafasi ya wakili huyu. Pengine anafanya jambo jema. Pengine bwana wake, yaani wananchi, angekubali kama angeulizwa. Lakini asitake tumshukuru kama vile ametoboa mfuko wake mwenyewe.

Upande wa pili wa mapokeo yetu umelieleza jambo hili kwa kina zaidi. Qurani, katika Surat al-Baqara aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na inasema kumwachia kabisa kama sadaka ni kheri zaidi. Anayeambiwa hivyo ni mdai, mwenye mali, na kuachia anahimizwa tu, halazimishwi. Lakini Uislamu haukuishia kwenye hisani ya mtu mmoja mmoja. Surat at-Tawba aya ya 60 inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na mojawapo ni wenye madeni. Kumbe jamii nzima inaweza kumlipia mdaiwa, kwa fedha za wote, bila mwenye mali mmoja mmoja kuombwa ruhusa. Mtu anayesema kwamba deni la mtu binafsi kamwe haliwezi kuwa jukumu la umma angekuwa na kazi ya kuwajibu wanazuoni waliolifikiria suala hili kabla ya kuwapo serikali yenye bajeti.

Ila tazama masharti. Kwanza, anayelipiwa ni aliyeelemewa. Mwenye uwezo wa kulipa hahesabiwi eti kwa sababu tu kulipa kunamkera. Pili, na hili ndilo ninalolishikilia, zaka haichukuliwi kwa kila mtu. Inatoka kwa aliyefikia nisabu, mwenye kilichobaki baada ya kujikimu. Mama ntilie hatoi zaka ili mwenye shahada alipiwe. Huenda yeye ndiye anayestahili kupokea. VAT haina nisabu. Inamkuta tajiri na maskini kwenye kaunta moja na kuwatoza asilimia 18 ileile. Kwa hiyo anayetaka kutetea msamaha wa mikopo kwa hoja ya mshikamano wa jamii, hoja ambayo naiheshimu, kwanza atuonyeshe fedha zitatoka kwenye kodi ipi. Akishindwa, mshikamano anaouzungumzia utakuwa wa wengi wasiofika chuo kuwabeba wachache waliofika.

Hapa kwetu jambo hili lina historia, na bila historia hiyo hatuwezi kujua nani anamdai nani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka baada ya kambi wafanye kazi kwa miezi 18 wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na kwa hasira hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miaka hiyo alikuwa akimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada; asiporudi, huyo ni msaliti. Mfano mkali, na wanafunzi wale hawakuupenda. Lakini ulikuwa na faida moja: kila mmoja alijua mkataba unasemaje. Elimu ni bure, na unachodaiwa ni utumishi.

Mkataba huo haukuvunjwa siku moja. Ulimong’onyoka. Miaka ya 1980 ikaja na uchumi wake, serikali ikaanza kuzungumzia uchangiaji wa gharama, na katikati ya miaka ya 1990 fedha zilizokuwa zikitolewa kama haki zikaanza kuhesabiwa kuwa mkopo. Sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipitishwa mwaka 2004, Bodi ikaanza kazi mwaka 2005, nayo ikapewa jukumu la kuwadai hata waliosoma tangu 1994. Watu waliokwisha kuoa, kujenga na kuhamishwa vituo mara tatu wakaletewa barua kwamba ni wadaiwa. Wengine walitangazwa hadharani kuwa wadaiwa sugu wa deni ambalo hawakuwahi kulitambua kama deni. Kisha yakaja marekebisho ya mwaka 2016: waliokuwa wakikatwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi wakajikuta wanakatwa 15. Mwalimu wetu, ambaye kwa makato ya awali angetoa 64,000, akaanza kutoa 120,000. Hakuna aliyemwita mezani.

Naona hapa ndipo neno msamaha linapotumika vibaya zaidi. Mdai akibadili masharti katikati ya safari, akaongeza tozo na adhabu, halafu akaja kuziondoa, hajasamehe kitu. Amerudi nyuma hatua moja kuelekea pale alipotakiwa kubaki. Fanya hesabu ya deni la shilingi milioni 12 chini ya tozo ile ya asilimia 6: mwaka wa kwanza tozo peke yake ni 720,000. Mwalimu anakatwa 1,440,000 kwa mwaka mzima. Nusu ya jasho lake inaishia kwenye tozo, nusu nyingine ndiyo inayogusa deni. Kuondoa mzigo wa namna hiyo hakuhitaji shukrani, na gharama yake kwa mlipakodi ni gharama ya serikali kurekebisha kosa lake, kama vile tunavyolipa fidia mahakama inapoiamuru serikali ilipe. Hatufurahii, lakini gharama hiyo ni yetu. Serikali ni yetu inapojenga daraja, na ni yetu vilevile inapokosea.

Nitasema na jambo ambalo najua halitawapendeza walioshangilia. Tozo ile iliitwa ya kutunza thamani ya fedha. Mfumuko wa bei wa Tanzania katika miaka hii umekuwa kati ya asilimia 3 na zaidi kidogo ya 4. Kwa hiyo katika miaka yake ya mwisho asilimia 6 ilikuwa inatunza thamani na kuchukua cha juu. Lakini sifuri nayo haitunzi kitu. Mkopo wa milioni 12 unaolipwa polepole kwa miaka 10 bila nyongeza yoyote unarudi Hazina ukiwa umesinyaa, na kile kilichopungua kimelipwa na mtu. Huo ni msamaha pia, ila haukutangazwa na haukubaguliwa: mwalimu wa mshahara wa 800,000 ameupata, na mhandisi wa kampuni ya madini mwenye mshahara mara sita yake ameupata zaidi kama mkopo wake ulikuwa mkubwa. Mimi ningependelea tozo inayofuata mfumuko wa bei, isiyozidi hata nukta, na anayezidiwa asaidiwe kwa njia nyingine. Najua ni hoja isiyovutia kwenye mkutano wa hadhara.

Wenzetu Kenya wana ugonjwa unaofanana na huu, kwa dalili tofauti. HELB, bodi yao ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza riba ya asilimia 4 tu, lakini anayechelewa kulipa hupigwa adhabu ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Kijana akikaa miaka mitatu bila kazi baada ya muda wake wa neema kwisha, amerundikiwa 180,000 kwa kosa la kukosa ajira. Mahakama Kuu jijini Nairobi iliwahi kuamua kwamba riba na adhabu hizo haziruhusiwi kupita kiasi cha deni lenyewe. Uamuzi huo nao haukumsamehe mtu. Ulisema tu kwamba kuna kiwango ambacho mdai akikipita, anachodai si chake.

Ni Marekani ndiko swali hili limepigiwa kelele nyingi kuliko popote. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitangaza kufuta hadi dola 10,000 za mkopo wa serikali kuu kwa kila mdaiwa mwenye kipato cha chini ya dola 125,000 kwa mwaka, na hadi 20,000 kwa waliowahi kupata ruzuku ya Pell, ambayo hutolewa kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria gharama kuwa karibu dola bilioni 400. Juni 2023 Mahakama ya Juu iliupiga chini mpango huo kwa kura sita dhidi ya tatu. Wengi walikumbuka matokeo, wachache walisoma sababu. Majaji hawakuulizwa kama ni haki kusamehe. Waliulizwa kama waziri wa elimu, kwa kutegemea sheria ya mwaka 2003 iliyotungwa kwa ajili ya nyakati za vita na dharura, alikuwa na mamlaka ya kufuta fedha za kiasi hicho bila Bunge kusema ndiyo. Walio wengi wakasema hakuwa nayo. Ni kisa cha wakili wa Luka kwa lugha ya kisheria: je, wakili ana ruhusa ya bwana?

Nje ya mahakama mabishano yalikuwa ya aina nyingine. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa ya yule aliyekwisha kulipa. Mimi nilijinyima, sikwenda likizo, nikamaliza deni langu. Kwa nini huyu asamehewe? Ni hoja yenye uchungu wa kweli, lakini nadhani ni dhaifu. Tukiikubali, hakuna dhuluma itakayoondolewa kamwe, kwa sababu kila dhuluma ina waliokwisha kuivumilia. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilipofutwa Tanzania mwaka 2016, wazazi waliouza ng’ombe kulipa ada mwaka 2015 hawakurudishiwa, na hatukusema ada iendelee ili kuwaenzi. Aliyelipa deni halali hajadhulumiwa kwa mwingine kuachiwa. Anayeweza kusema amedhulumiwa ni yule anayelipa sasa kwa ajili ya kitu ambacho hakukipata, na huyo ni mtu mwingine kabisa, ambaye kwa kawaida hana muda wa kubishana.

Walikuwapo pia waliokumbusha kwamba wakati wa janga la korona serikali ya Marekani iliwakopesha wenye biashara karibu dola bilioni 800 na kuwasamehe sehemu kubwa sana ya fedha hizo. Ni kweli. Ila kuna tofauti moja ambayo watetezi wa wanafunzi waliiruka: sheria ya mikopo ile ilisema tangu mwanzo kwamba atakayetumia fedha kulipa wafanyakazi atasamehewa, na Bunge lilipiga kura likijua hivyo. Mpango unaweza kuwa mbovu, na ule ulikuwa na wizi mwingi ndani yake, lakini haukuwa siri kwa mwenye fedha.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuijengea hoja. Kusamehe baada ya jambo na kuahidi kabla ya jambo vinaweza kugharimu shilingi zilezile, lakini ni matendo mawili tofauti. Nchini Uingereza, mwanafunzi wa England aliyeanza chuo mwaka 2012 alijua kwamba atalipa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango fulani, na kwamba baada ya miaka 30 kitakachobaki kinafutwa. Walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 wameambiwa ni miaka 40. Serikali ya huko huandika kwenye hesabu zake, tangu siku ya kwanza, sehemu ambayo haitarudi. Mlipakodi anabeba hasara, ndiyo, lakini anabeba hasara aliyoambiwa, kwa ajili ya mtu ambaye maisha hayakumwendea vizuri. Kila mwanakikoba anaielewa kanuni hii: mfuko wa jamii huwekewa masharti kabla ya msiba, maana siku ya msiba kila mtu ana jamaa.

Lakini hata ahadi ya mapema ina mtihani wake, na Chuo Kikuu cha Yale kiliupata. Mwaka 1971 chuo hicho kiliwapa wanafunzi mpango wa kulipa baadaye: kwa kila dola 1,000 ulizokopa, ungetoa asilimia 0.4 ya kipato chako kila mwaka, mpaka deni la kundi lenu lote liishe au miaka 35 ifike. Mwanauchumi Milton Friedman alikuwa amependekeza jambo la jamaa na hili tangu mwaka 1955. Kwenye karatasi lilikuwa la haki kabisa: anayepata sana anambeba anayepata kidogo, na wote wamesaini. Kilichotokea ni kwamba baadhi walilipa na kuendelea kulipa mwaka baada ya mwaka, huku wenzao wengine wakinyamaza kimya. Manung’uniko yakawa makubwa hata chuo kikaacha kuwaandikisha wapya, na miaka mingi baadaye kikafuta kilichobaki. Wengine huona hapa ushahidi kwamba binadamu hapendi kumbebea mwenzake. Mimi naona jingine. Waliolipa hawakukasirikia wachungaji na wasanii wa kundi lao waliopata kidogo, maana hao walijua kuwa watakuwapo tangu wanasaini. Walikasirikia wakwepaji. Mtu anaweza kukubali kumbebea aliyeanguka, hata kwa miaka mingi. Hawezi kukubali kumbebea aliyejificha.

Kuna pingamizi moja ambalo sijalijibu, nalo ndilo zito. Atasema mtu: daktari na mwalimu hawakujisomea wenyewe. Mama ntilie anazaa hospitali ya wilaya, mtoto wake anafundishwa na huyo mwalimu. Mbona afaidike na elimu ya mwenzake halafu aogope kuchangia? Nakubali. Ila huo ni utetezi wa kulipia utumishi. Haugusi shahada yenyewe. Mwenye shahada ya udaktari anayefungua duka la simu Kariakoo hajamtibu mtu. Kama umma ni mnunuzi, basi ulipe unapopokea: mwalimu aliyefundisha miaka kumi katika shule ambayo wengine huikimbia, deni lake lipungue kila mwaka anaobaki. Marekani ilijaribu kitu cha namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2007, miaka kumi ya utumishi wa umma na malipo 120 kisha kilichobaki kinafutwa, ikakiwekea masharti mengi ya makaratasi kiasi kwamba karibu waombaji wote wa mwanzo walikataliwa. Wazo halikuwa bovu. Ahadi yenye mitego ndiyo iliyokuwa mbovu, na inafanana sana na kutoahidi kabisa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mlipakodi abebe, nitakujibu kwa vipande. Tozo na adhabu zilizorundikwa kinyume na makubaliano, abebe, na asiite msamaha. Deni la aliyezeeka bila kupata kipato cha kulilipa, abebe, mradi liwe limeandikwa kwenye fomu siku ya kusaini na fedha zitoke kwenye kodi yenye nisabu. Deni la aliyerudisha kwa utumishi tulioupokea, tumelipwa tayari. Deni la aliyefanikiwa, hapana, hata kama ni jirani yangu na hata kama uchaguzi umekaribia.

Kipande hiki cha mwisho ndicho kigumu kutekeleza, kwa sababu msamaha mkubwa kuliko yote hautangazwi na rais yeyote. Deni lisilofuatiliwa limeshasamehewa. Bodi ya Tanzania hutoa zaidi ya shilingi bilioni 700 kwa mwaka, na fedha zinazorudi kwa urahisi ni zile zinazokatwa kwenye mishahara, kwa sababu mwajiri ndiye anayezikata. Aliyejiajiri naye sheria inamtaka alipe sehemu ya kipato chake kila mwezi, lakini kipato hicho anakitaja mwenyewe. Wakili mwenye ofisi yake Posta, mshauri wa miradi anayelipwa kwa dola, mfanyabiashara aliyeandikisha kampuni kwa jina la shemeji, hawa walisoma darasa moja na mwalimu wetu na walisaini bumu kwenye foleni ileile. Kila mwezi anaopita bila wao kulipa, mtu mwingine anawalipia, bila kuulizwa na bila kufahamu. Bodi inayo namba ya kitambulisho cha taifa ya wengi wanaokopa siku hizi, TRA inayo, BRELA inayosajili kampuni inayo, benki zinayo. Kuzikutanisha hizo namba hakuhitaji sheria mpya wala hotuba.